Hojaji, daftari la matumizi, mazungumzo au rekodi: ipi itakufaa kwa utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo?

Juzi kijana wa mwaka wa nne alipanda ngazi hadi chumba changu cha kazi hapa Ngara, amekumbatia bahasha mbili za kaki. Ndani mlikuwa na hojaji 212 zilizojazwa. Mada yake ilikuwa nzuri: kwa nini wanafunzi huacha masomo kabla ya kumaliza.

"Hawa umewapata wapi?" nikamuuliza.

"Darasani, Mwalimu. Mhadhiri alinipa dakika kumi kabla ya somo."

Nilizifunua moja moja nikitafuta pa kuanzia. Wote 212 walikuwa wamekuja darasani asubuhi hiyo. Aliyeacha masomo hakuwemo hata mmoja. Kijana alikuwa amewaomba waliobaki wamsimulie habari za walioondoka, nao wakamsimulia kwa ukarimu, maana mtu akiulizwa hakosi la kusema.

Hojaji zenyewe hazikuwa na kosa, ila zilitumwa kazi isiyo yao. Naliona jambo hili kila muhula. Mtu anachagua njia kwa sababu aliyemtangulia aliitumia na tasnifu yake iko maktabani, kisha swali linalazimishwa kuingia ndani ya njia kama mguu katika kiatu cha kurithi. Basi kama unaandika kuhusu usajili wa wanafunzi, fedha zao au mienendo yao, na umekwama kati ya njia nne zinazotumika sana hapa Nairobi, soma kabla hujachapisha chochote.

Vigezo kwanza

Nitazipima zote kwa mambo matano: inajibu swali la aina gani, inapotosha wapi, kwa kuwa kila njia ina uongo wake, inakula fedha na muda kiasi gani, inadai vibali na usiri gani, na inamfaa nani.

Kuhusu vibali, kuna mambo ambayo hayabadiliki. Utahitaji barua ya idara na idhini ya kamati ya maadili. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na huombwa mtandaoni. Msimamizi wako atakuelekeza kulingana na kiwango chako. Juu ya hayo ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo haisubiri uwe shirika kubwa ndipo ikuguse. Watu huyaacha haya hadi wiki mbili kabla ya kuwasilisha, kisha wanalaumu ofisi.

Hojaji

*Inajibu nini.* "Wangapi" na "kiasi gani", kwa watu wengi kwa mpigo. Wangapi wana mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, wangapi wanafanya kazi wakisoma, wangapi wamewahi kuahirisha masomo na kurudi. Ukitaka kulinganisha wa mwaka wa kwanza na wa nne, au wa hosteli na waliopanga nje, hapa ndipo mahali pake.

*Inapotosha wapi.* Kwenye fedha, vibaya sana. Uliza "Unatumia pesa ngapi kwa mwezi?" uone: 5,000, 10,000, 15,000. Sijawahi kukutana na aliyeandika 7,340. Hizo ni namba za kubuni papo hapo na kalamu mkononi. Isitoshe, neno "matumizi" halina maana moja. Kwa mmoja ni chakula na nauli. Kwa mwingine ni pamoja na alichomtumia mdogo wake aliyeko sekondari. Uliza kitu chenye tarehe: jana ulikula wapi, na kila mlo ulilipa ngapi?

Kisha kuna woga. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, wanafunzi hupangwa katika makundi kulingana na hali ya familia, makundi ambayo baadaye yalikuwa matano. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, lilipangiwa ufadhili usiorudishwa wa asilimia 70, mkopo asilimia 25 na familia asilimia 5. La tano, ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30 na familia asilimia 40. Mfumo ukabishaniwa mahakamani, lakini alama iliyobaki vichwani ni moja: ukiulizwa mapato ya mzazi, jibu dogo ni salama kuliko kubwa. Hata uandike kwa herufi nene kwamba utafiti wako hauhusiani na HELB, msomaji ataiona karatasi yenye nembo ya chuo na kujihadhari.

Kwenye mienendo ya aibu, kama kamari, kuiba mitihani au kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao kwa malipo, hojaji ya kawaida hukupa idadi ya waliokuwa tayari kukiri. Ipo dawa inayosahaulika, yenye mzizi katika mbinu aliyoipendekeza Stanley Warner mwaka 1965. Mpe kila mhojiwa sarafu ya shilingi kumi aitupe bila wewe kuona. Ikianguka upande wa simba, aandike "ndiyo" vyovyote iwavyo. Ikianguka upande wa nembo, aandike ukweli. Tuseme una watu 200 na "ndiyo" zimekuja 130. Takribani 100 ni za simba. Zinabaki 30 kati ya 100 waliojibu kweli, yaani asilimia 30, na hakuna mtu duniani, hata wewe, anayejua ni akina nani. Inadai sampuli kubwa zaidi kwa sababu sarafu inaongeza kelele za kubahatisha, lakini nimeona uso wa mwanafunzi ukilegea mara tu anapouelewa mchezo.

*Gharama.* Chuo chenye wanafunzi 8,000 kwa fomula ya Yamane, ukingo wa makosa asilimia 5, kinakupa sampuli ya 381. Kurasa nne kila moja, saiba, yaani duka la intaneti na uchapishaji, ikikutoza shilingi 3 kwa ukurasa, ni shilingi 4,572 kabla ya nauli. Fomu ya mtandaoni haina gharama hiyo, ila itajibiwa na wenye bando na wanaompenda mwakilishi wa darasa. Na 381 ina maana tu ikiwa umewachagua kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Watu 381 waliobofya kiungo kwenye WhatsApp ni watu 381 waliobofya kiungo.

*Vibali.* Vyepesi kuliko njia nyingine za kuwakabili watu, mradi usidai jina wala namba ya usajili. Watu huidai bila kujua wataifanyia nini.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye swali la kuhesabika, orodha halali ya kuchagulia, na msimamizi anayetaka majedwali.

Daftari la matumizi na taarifa ya M-Pesa

*Inajibu nini.* Fedha zilikwenda wapi hasa, siku gani, kwa mpangilio gani. Unampa kila mshiriki daftari dogo kwa wiki mbili, au kwa wiki tatu zilizotawanywa: muhula unapoanza, katikati na unapoisha. Akipenda, analilinganisha na taarifa yake ya M-Pesa.

Mshiriki mmoja alinikubalia kunakili ukurasa wake bila jina. Jumatatu: chapo dondo (chapati na maharagwe) 70, nauli ya mjini 80, bando 50, karatasi za maswali 20, "mdogo wangu 200, mama asijue". Hicho kipande cha mwisho hakina swali la hojaji linaloweza kukivua. Mwanafunzi aliyeandikwa kwenye rekodi kuwa mhitaji alikuwa yeye mwenyewe mfadhili, na kwa siri.

*Inapotosha wapi.* Siku tatu za kwanza kila mtu ni mtawa. Anajua anaandikwa, kwa hiyo anakula nyumbani na kutembea kwa miguu. Nazitupa siku hizo katika uchambuzi na kuanzia ya nne. Kisha kuanzia siku ya nane wengine huchoka, wakajaza wiki nzima Jumapili usiku kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Utawajua.

Taarifa ya M-Pesa haichoki, lakini ina mitego yake, na hapa ndipo nimeona tasnifu nzuri zikizama. Wa kwanza ni Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Mtu akikopeshwa ili amalizie malipo, mkopo huo huonekana kwenye safu ya fedha zilizoingia. Ukijumlisha safu hiyo ukaiita mapato, umemgeuza mwenye madeni kuwa tajiri, na anavyozidi kukopa ndivyo anavyozidi kutajirika katika jedwali lako. Wa pili ni akiba. Shilingi 1,000 ikienda M-Shwari, akaunti ya akiba ya kwenye simu, na kurudi mara tatu ni ile ile 1,000. Wa tatu ni kodi ya pamoja. Vijana watatu wakikaa chumba kimoja Kahawa Wendani, wawili humtumia mwenzao, naye humlipa mwenye nyumba. Taarifa yake yeye inaonyesha anayepokea na kutumia maelfu. Za wenzake zinaonyesha waliotuma pesa kwa mtu binafsi, pengine rafiki, pengine deni, huwezi kujua.

Mama wa kibanda naye, kama hana namba ya biashara, huonekana kama jina la mtu tu, sawa na chama cha akiba, mpenzi au fundi simu. Pesa iliyotolewa kwa wakala inapotea machoni kabisa, na nauli nyingi bado hulipwa taslimu mkononi mwa makanga. Upande wa karo nao una pengo: mkopo wa karo huenda chuoni moja kwa moja, wa kujikimu ndio humfikia mwanafunzi. Ukisoma simu peke yake utadhani karo haipo. Kwa hiyo daftari na simu visomwe pamoja, mwenye navyo akiwa amekaa kando yako akikueleza mstari kwa mstari.

*Gharama.* Fedha kidogo, muda mwingi. Washiriki 20 hadi 30 ni mzigo wa kutosha kwa mtu mmoja. Wape kifuta jasho kidogo cha bando kila wiki, lakini kiandike kwenye pendekezo lako. Usifiche.

*Vibali.* Ndiyo njia nzito kuliko zote. Taarifa ya M-Pesa ina majina ya watu ambao hawajakubali kuwa kwenye utafiti wako: mama, mpenzi, mkopeshaji. Usiipokee kwa barua pepe. Mshiriki aifungue kwenye simu yake, akutajie aina ya malipo na kiasi, wewe uandike "chakula", "nauli", "familia". Jina libaki kwake. Na mtu yeyote anayekuomba namba yako ya siri kwa sababu ya utafiti, mfukuze.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la fedha tupu: jinsi mkopo unavyodumu kuanzia siku unapoingia, nani anamlisha nani, deni dogo linajilimbikizaje. Mwanafunzi wa uzamili mwenye muhula mzima mbele yake. Haimfai anayetaka kusema "asilimia fulani ya wanafunzi wa Nairobi", kwa sababu watu 25 hawatoshi kuwabeba wote.

Mazungumzo ya ana kwa ana na ya vikundi

*Inajibu nini.* "Kwa nini" na "ilikuwaje". Ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayoweza kumfikia aliyeondoka. Huwezi kumuuliza aliyeko darasani kwa nini hayuko darasani. Unaanza na mmoja unayemjua, anauza viatu Githurai au anaendesha bodaboda, naye anakuelekeza kwa mwingine. Polepole unagundua kwamba kuacha masomo si tukio la siku moja. Alikosa kusajili kozi kwa ajili ya karo, akaona aibu kurudi muhula uliofuata, akapata kibarua cha muda, kibarua kikawa maisha.

*Inapotosha wapi.* Kikundi na mtu mmoja si kitu kimoja. Wavulana sita wakizungumzia kamari katika kikundi, kila mmoja anasimulia alivyoshinda. Wakae mmoja mmoja, utasikia habari za karo ya muhula iliyoliwa na kamari. Mambo ya wapenzi wanaolipa kodi usiyapeleke kwenye kikundi kamwe. Kikundi kinafaa kwa mambo wanayoyashiriki hadharani: foleni za fedha, bei za vyumba, alama zinazopotea.

*Gharama.* Saa moja ya kurekodi inaweza kukula saa nne hadi sita za kunakili, na zaidi kama mazungumzo yanaruka kati ya Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Nakili kama ilivyosemwa. Mtu akisema "nilikuwa nimesota" na wewe ukaandika "alikuwa na changamoto za kifedha", umeshamuua.

*Vibali.* Idhini ya kurekodi, na jina la kupanga. Uwe pia na namba ya mshauri nasaha wa chuo mfukoni. Mtu anaweza kulia. Anaweza kukuambia hajala tangu jana, na hapo fomu zako hazina safu.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, mwenye masikio, na msimamizi asiyedai asilimia. Watu 12 hadi 20 kwa kawaida hutosha. Unajua umefika pale watatu mfululizo wanapokupa habari uliyokwisha kuisikia.

Rekodi za chuo na takwimu zilizochapishwa

*Inajibu nini.* Usajili na mwelekeo wake kwa miaka. Ripoti ya Uchumi ya KNBS, ofisi ya taifa ya takwimu, hutoka kila mwaka na ina jedwali la wanafunzi wa vyuo vikuu. CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, hukusanya takwimu za vyuo vyenyewe, na KUCCPS, inayowapanga wanafunzi vyuoni, ina za waliopangiwa nafasi. Ofisi ya msajili wa chuo ina zake.

*Inapotosha wapi.* Namba rasmi inavutia, lakini uliza imehesabu nini. Kupangiwa nafasi si kuripoti. Kuripoti si kusajili kozi. Kusajili kozi si kukalia mtihani. Anayelala hosteli bila kumaliza karo anaweza kuwa hai katika hesabu ya kwanza na kufa katika ya tatu.

Mtego mkubwa ni kusoma mteremko bila kujua kilichotokea nje ya chuo. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2015 waliopata C+ na zaidi, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 169,492. Mwaka 2016, baada ya usimamizi wa mitihani kukazwa, walikuwa 88,929. Mwaka huo huo wa 2016 serikali ilianza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vya kibinafsi pia. Atakayechora grafu ya wanafunzi wa kujilipia baada ya hapo bila kutaja hayo mawili ataandika kwamba karo imewashinda wazazi. Pengine ni kweli, lakini grafu yake haijathibitisha. Ongeza kufungwa kwa vyuo Machi 2020 kwa sababu ya korona, na mfumo wa ufadhili wa 2023: mstari wako una viraka vinne kabla hujaanza.

*Gharama.* Ripoti zilizochapishwa ni bure. Rekodi za ndani zinalipwa kwa subira: barua, nakala ya barua, na "njoo Alhamisi".

*Vibali.* Takwimu za jumla hazina shida. Ukitaka rekodi ya mwanafunzi mmoja mmoja, omba ziondolewe majina kabla hazijakufikia.

*Inamfaa nani.* Wa uchumi, takwimu na sera, afisa wa chuo, na mwandishi wa habari mwenye tarehe ya mwisho kesho. Kuhusu mienendo haina la kukuambia.

Kwa hali yako

Una wiki sita na shilingi elfu tano: chukua hojaji fupi ya kurasa mbili, uitumie kwa swali moja linalohesabika, na uzungumze na watu wanne kando. Usiguse M-Pesa. Hutamaliza.

Mada yako ni kamari au udanganyifu wa mitihani: hojaji yenye sarafu ikiwa unahitaji kiwango, mazungumzo ya mmoja mmoja ikiwa unahitaji kuelewa. Kikundi hapana.

Unaandika uzamili kuhusu mkopo wa kujikimu: daftari, na lianze wiki ambayo pesa inaingia. Ukianza mwezi mmoja baadaye utakuta mifuko mitupu na kumbukumbu zilizopambwa.

Wewe ni afisa wa chuo unayetaka kujua wanafunzi wanapotelea wapi: anza na rekodi zako mwenyewe, utafute hatua ambayo majina yanakatika, kisha wapigie simu kumi kati ya waliokatika hapo. Marekani wana utafiti mkubwa wa kitaifa wa ufadhili wa wanafunzi, ulioanza mwaka wa masomo wa 1986/87, na unaunganisha mahojiano, rekodi za vyuo na rekodi za mikopo ya serikali. Wewe huhitaji ukubwa huo. Faili mbili zenye msimbo mmoja wa kuziunganisha zinatosha.

Na kama umeshakusanya data isiyolingana na swali lako, kama yule kijana wa bahasha za kaki, usichome hojaji wala usibuni watu. Tulikaa naye hadi saa kumi na mbili jioni. Kumbe katika ukurasa wa tatu kulikuwa na swali: "Umewahi kufikiria kuacha masomo? Lini?" Wengi walikuwa wamelijibu vizuri, na tarehe wakaweka. Tukabadilisha mada ikawa kile kinachowafanya waliobaki wafikirie kuondoka, msimamizi wake akakubali kwa simu, na Jumamosi akapanda matatu kwenda Githurai na orodha ya namba sita za walioacha masomo, alizopewa na rafiki zao wa zamani. Alipofika kwa wa kwanza akakuta duka limefungwa. Akasubiri.